Mtoto Aliyelilia Jina

Mimi ni mtu wa hasira, na sioni sababu ya kuficha. Nilikuwa bwana shamba hapa Butiama miaka thelathini na moja, nikizunguka na baiskeli ya serikali, na shamba lenye batobato, ule ugonjwa wa majani ya muhogo, nilikuwa nalitambua nikiwa bado barabarani, sijateremsha hata mguu. Mwenye shamba akibisha, namfokea. Akiendelea kubisha, nang'oa shina moja mbele yake na kumwonyesha. Mke wangu Nyangi alikuwa akiniambia, "Kasmiri, wewe unajuaga mihogo tu. Usijidanganye unajua na vingine." Nyangi alifariki miaka mitano iliyopita, Mungu amrehemu. Ningemsikiliza, nisingekuwa na haya ya kusimulia.

Mjukuu wangu ni mtoto wa kwanza wa Bonifasi, kitinda mimba wangu, fundi wa kuchomelea vyuma kule Bunda. Bonifasi huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mkewe Dorah, binti wa Bukima, wa huko ziwani, tunaishi naye hapa uani: mimi nyumba kubwa, yeye na mtoto nyumba ndogo upande wa zizi. Ni mkwe wa kujivunia. Mpole, mchapakazi, na akikaanga sato, paka wa jirani wote wanahamia kwetu. Alipojifungua alimwita mtoto Brenda. Jina hilo sikulipenda hata kidogo. Brenda ni nani kwetu? Amezikwa wapi? Lakini Bonifasi alisema, "Baba, aliyebeba miezi tisa ni yeye." Nikanuna wiki mbili. Kisha mtoto akanichekea, nikasahau nilikuwa nimenuna kwa ajili gani.

Sasa, mwaka jana mwezi wa nne, mvua zimekolea, mtoto ana miezi kumi na moja, akapata mafua. Mafua ya kawaida tu, kamasi na kikohozi kidogo. Siku ya tatu akaanza kulia. Kilio hicho hakikuwa cha njaa wala cha usingizi. Ukimpa ziwa analishika mara mbili, analitupa, analia. Ukimlaza analia zaidi. Mwili wa moto. Alikuwa akijisugua kichwa begani kwa mama yake kama ndama anayewashwa, na mkono hautoki sikioni.

"Baba," Dorah aliniambia, "naomba nimpeleke hospitali."

"Ni meno hayo," nikamjibu. "Bonifasi alilia hivyo hivyo."

Dorah hakubisha. Alinunua dawa ya homa dukani, homa ikashuka na kupanda. Siku ya tano akaja Consolata, mdogo wake marehemu mke wangu, mwanamke ambaye hajawahi kuingia uani kwangu bila neno. Alimsikiliza mtoto akilia, akaweka mikono kiunoni.

"Shemeji, hii mtoto haiumwi. Inalilia jina."

Huku kwetu mtoto akilia pasipo kukoma, wazee hukaa wakamtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Jina atakalolinyamazia, ndilo lake; mwenye jina ameomba akumbukwe. Padri wetu anajua na anajifanya hajui. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nikilisubiri neno hilo tangu mtoto azaliwe, ila sikutaka litoke kinywani mwangu.

Jumapili baada ya misa tulikaa barazani. Consolata akampakata mtoto, akaanza kutaja. Akamtaja mama yangu. Mtoto analia. Akamtaja bibi yangu mzaa baba, na shangazi zangu wawili. Mtoto analia mpaka sauti inakwama. Akataja watu ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimewasahau, wengine nadhani walikuwa wa ukoo mwingine. Kwa muda wa saa nzima mtoto alilia, na Dorah amesimama mlangoni kwake anang'ata ncha ya kanga.

Mwishowe nikasema mimi. Nikainama karibu na uso wake, nikasema, "Nyangi."

Mtoto alitoa ukelele mmoja mkali, akashtuka mwili mzima, kisha akanyamaza. Akanitazama. Akashusha pumzi ndefu ya kwikwi, kope zikamwangukia, akalala pale pale.

Nililia. Mbele ya mkwe wangu nililia, jambo ambalo si adabu, na sikujali. Miaka minne nilikuwa nakula ugali peke yangu nikitazama ukuta, halafu ghafla Nyangi wangu yupo uani, mdogo, amelala, ana kamasi.

Kesho yake asubuhi Dorah alikuja barazani, akapiga goti kunisalimu. "Shikamoo baba. Mto wa mtoto umelowa. Kimetoka kitu cha njano sikioni, masikio yote mawili. Kinanuka."

Mkwe haingii chumba cha mkwewe, kwa hiyo huo mto mimi sikuuona. Lakini hata ningeuona, najijua.

"Ndiyo ugonjwa unatoka huo," nikasema. "Si unaona amenyamaza? Hata homa haipo. Muulize Consolata."

Consolata akaleta samli, akaagiza itiwe matone mawili ya uvuguvugu kila sikio, kila jioni, na juu yake pamba. Ikatiwa. Kuanzia siku hiyo nikawa namwita mtoto Nyangi, na ole wake mtu aseme vinginevyo mbele yangu.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya raha kwangu, na ndiyo inayoniuma kuikumbuka. Mtoto alinawiri. Akasimama, akatembea. Na kulikuwa na jambo moja lililonifurahisha kupita yote: nikimwita, hageuki. Namwita, "Nyangi! Nyangi wee!" Yeye anaendelea kupanga magunzi yake chini, mgongo umenielekea, kama vile mtu hajasema kitu.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kwa sababu Nyangi mkubwa alikuwa hivyo hivyo. Ungemwita toka asubuhi akipeta ulezi, hageuki ng'o, mpaka uinuke umfuate ulipo ungo. "Aliyekuwa na shida ni wewe," angekuambia, "na miguu unayo." Basi nikawa nawaita wageni waje kutazama. "Mwone! Mwite umwone! Kiburi kile kile!" Wakimwita, hageuki, tunacheka wote. Na kwa vile sufuria ikianguka alishtuka, hakuna aliyewaza neno uziwi. Sufuria ni kishindo. Hata mwili husikia.

Dorah hakuwa akicheka. Alikuja mara ya pili kuniambia kwamba usaha haujakatika, unakauka siku mbili unarudi. Nikamwambia aongeze samli. Alikuja mara ya tatu, akasema mtoto alikuwa ameanza kusema "mama" na "tata" kabla ya mafua, sasa hasemi kitu, anapiga ukelele tu. Nikamkatiza. Nikamwambia watoto wenye akili nyingi huchelewa kusema. Sikio la kufa halisikii dawa, wahenga walisema, na siku zile mwenye sikio hilo nilikuwa mimi.

Mwezi wa nane, alasiri moja, Dorah alikuwa ameinjika uji uani kwenye mafiga, akaingia ndani kufuata sukari. Mimi nimekaa barazani, goti langu la kulia limeshika kama linavyoshikaga siku za baridi. Mtoto akauona mvuke. Akaanza kuuendea, hatua zake zile za kuyumba, mikono mbele.

"Nyangi!" nikaita. "Nyangi, acha! Moto!"

Hakugeuka. Nikapiga makofi. Nikafoka kwa sauti ile niliyokuwa nikiwafokea wakulima wa kata nzima. Hakupunguza hata hatua. Nikajaribu kuinuka, goti likanikatalia, nikaanguka juu ya mkono. Dorah akatoka mbio, naye anaita, na mtoto hakumgeukia hata mama yake. Dorah akamnyakua, mkono wa mtoto ukiwa umebaki shibiri moja kutoka kwenye sufuria.

Nilikuwa natetemeka, na mimi nikitetemeka hutukana. "Mtoto gani mkaidi hivi! Anakatazwa, hasikii! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu! Nyangi mwenyewe hakufikia kiburi hiki!"

Dorah alisimama pale katikati ya ua na mtoto kifuani. Binti huyu, tangu aolewe, hakuwahi kunitazama usoni; ndiyo heshima ya mkwe. Siku ile alinitazama.

"Baba, siyo mkaidi. Hakatai," alisema. "Hasikii. Mwanangu hasikii."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilikaa na maneno hayo mpaka jua likaanza kushuka. Nilikuwa na hasira naye, kisha hasira ikaniishia na kuniacha na hofu tupu. Kazi yangu ilikuwa kupima. Mkulima akisema muhogo wake mzima, humwamini, unapasua kiazi ukaangalie ndani. Mtoto nilikuwa sijampasulia hata swali moja.

Dorah alipomtoa tena uani na kumweka kwenye mkeka na magunzi yake, niliinuka nikamzunguka kwa nyuma, polepole. Nikatikisa kiberiti nyuma ya sikio la kulia. Hakuna. La kushoto. Hakuna. Nikaita kwa sauti ya kawaida, sauti ya kuombea chumvi mezani. Hakuna. Nikapiga mluzi. Alichukua gunzi moja, akaliweka juu ya jingine. Kisha kivuli changu kikamwangukia miguuni, akageuka, akaniona, akanikunjulia uso wote na meno yake sita, akaninyooshea mikono nimbebe. Furaha aliyonionyesha! Mtoto huyo hakuwa na kiburi hata punje. Nilikuwa nimewaita majirani wamcheke.

Nilimbeba. Ndipo nilipomnusa sikio, kwa mara ya kwanza katika miezi minne. Lilikuwa linanuka kama kiazi kilichooza ardhini.

Nikaenda mpaka mlangoni kwa Dorah, nikasimama nje. "Kesho asubuhi Musoma," nikasema. "Wote watatu. Mpigie na mumeo."

Musoma tulielekezwa kwenye chumba cha masikio, tukamkuta tabibu anaitwa Gati, msichana mwembamba ambaye kwa macho yangu alikuwa na umri wa kwenda sekondari. Nikataka kuuliza mkubwa wake yuko wapi. Nikajizuia, naanza kujifunza.

"Shikamoo mzee. Nani atampakata mtoto?"

"Mimi," nikasema.

Akanionyesha namna ya kumkumbatia, mkono wangu mmoja ukishika mikono yake, mwingine ukikibana kichwa chake kifuani kwangu. Akafuta kwanza, akatoa pamba kuukuu na samli iliyoganda, kisha akachungulia kwa kile chombo chao chenye taa. Akakaa muda mrefu. Akahamia sikio la pili. Dorah alikuwa amefumba macho. Nilimsikia akisema Salamu Maria chinichini.

"Tangu lini linatoa usaha?"

"Tangu mwezi wa nne," Dorah akajibu.

"Na kabla ya kuanza kutoa, alikuwa analia sana?"

"Siku tano mfululizo."

"Halafu akanyamaza ghafla?"

Dorah hakuweza kusema, kwa sababu ya heshima, kwa hiyo nilisema mimi. Nikamwambia Gati kila kitu: kilio, baraza, majina, jina la mke wangu, na jinsi mtoto alivyotoa ukelele mmoja akalala. Nilidhani atacheka. Hakucheka hata kidogo.

"Mzee," akasema, "kuna mrija mdogo unaotoka nyuma ya pua kwenda sikioni ndani. Kwa mtoto ni mfupi na umelala, mafua yanapita haraka. Usaha ukajaa nyuma ya kile kingozi cha sikio, kile kama cha ngoma, ukakosa pa kutokea. Maumivu yake hata mtu mzima anayalilia. Ukisukuma, ukisukuma, kingozi kinapasuka. Kikishapasuka, usaha unatoka, maumivu yanakwisha papo hapo. Mtoto analala."

"Jumapili ile," nikasema.

"Jumapili ile."

"Kwa hiyo jina…"

Alinitazama kwa huruma ambayo sikuistahili. "Kilipasuka wakati mnaita, mzee. Kingeweza kupasuka wakati wa jina lolote."

Sijui kama nitaeleza. Nilimpoteza Nyangi mara ya pili pale kwenye benchi, mchana kweupe, mbele ya msichana mwenye taa mkononi. Ule ukelele niliodhani ni salamu yake ulikuwa wa mtoto anayepasuka sikio, na mimi nikashangilia.

"Atasikia?" nikauliza.

"Sitawadanganya, sijui. Mngekuja wiki ile, dozi ya siku tano ya dawa ya kunywa ingeweza kutosha. Sasa imekuwa sugu. Kwanza tukaushe. Sikio likikauka, vingozi vya watoto mara nyingi vinajifunga vyenyewe. Lisipokauka, linazidi kula ndani, na hapo hata kuongea hatajifunza."

Alitufundisha. Kitambaa safi cha pamba kinachonyonya, kikatwe, kisokotwe kiwe utambi, kiingizwe taratibu sikioni, kiachwe kinyonye, kitolewe, kitupwe, kiingie kingine, mpaka utambi utoke mkavu. Ndipo matone ya dawa. Mara tatu kwa siku, wiki mbili, bila kuruka hata mara moja. Wakati wa kuoga maji yasiingie. Na sikioni pasitiwe kitu kingine chochote: si samli, si maziwa ya mama, si maji ya kitunguu.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, nilimwambia Dorah, "Mwanangu, nimekosa. Uliniambia mara tatu."

Aliangalia chini kama desturi. "Hata mimi nimekosa, baba. Mimi ndiye mama yake. Ningembeba tu nikaondoka." Akaanza kulia, nami sikujua mkwe anabembelezwaje, basi nikamnunulia soda.

Kazi ya tambi niliichukua mimi. Dorah alikuwa na shamba na ng'ombe wa kukamua. Mimi nina nini zaidi ya goti bovu na muda? Nilitoa shuka jeupe la pamba ambalo marehemu alilitunza kwa ajili ya wageni wakubwa, na katika miaka yote hakuna mgeni aliyefikia ukubwa huo. Tukalichemsha, Dorah akalipiga pasi ya mkaa, nikalikata vipande na kuvitia kwenye ndoo yenye mfuniko. Asubuhi baada ya maziwa, mchana, na jioni kabla jua halijazama, analetwa barazani, analazwa kwenye paja langu zima, sikio juu.

Siku za kwanza ilikuwa vita. Alinipiga mateke, akanikwaruza shingo, mara moja akaning'ata kidole mpaka damu. Nilistahili. Nilisokota tambi mpaka vidole vikafa ganzi. Tambi nane, tisa kwa sikio moja, zote zinatoka na usaha. Nikaanza kumsimulia, kwa kuwa siwezi kufanya kazi kimya. Nilimweleza batobato ni nini na michirizi ya kahawia ni nini, na kwa nini mkulima asiazime mbegu kwa jirani bila kuitazama. Nilijua hasikii. Lakini siku ya nne aliinua mkono akauweka kooni kwangu, hapa, penye kongomeo, akatulia kabisa. Nikinyamaza anapigapiga kwa kiganja, nianze tena. Basi nikawa naongea muda wote. Sijawahi kupata msikilizaji kama yule katika miaka yote ya kazi.

Siku ya sita Consolata akaja na kikombe kimefunikwa. Nikajua kabla hajafunua.

"Shemeji, nasikia mnamsokomezaga vitambaa. Nimeleta samli safi."

"Consolata," nikasema, mtoto akiwa pajani, "ile samli ukapikie wali. Ukiileta karibu na sikio hili, undugu wetu utaishia hapo getini."

"Ukoo utasemaje ukisikia umeacha dawa ya wazee? Jina lenyewe mtoto anaitikia?"

Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika. Aliondoka amenuna. Kesho yake akarudi na nusu ya shuka lake mwenyewe, jeupe, limefuliwa, akaliweka barazani bila kusema neno, na kwa Consolata hiyo ni hotuba ndefu.

Siku ya tisa sikio la kulia lilitoa utambi mkavu. Niliugeuza, nikaupeleka kwenye mwanga, nikaunusa, nikamwita Dorah aunuse. Bonifasi alipopiga simu kutoka Bunda nilimweleza rangi ya ule utambi mpaka salio lake likakata. La kushoto lilikuwa bado linatoa, ila kidogo, na harufu ilikuwa imepungua.

Lakini jina sikuwa nimeliacha. Niseme hilo pia. Tabibu alikuwa amenieleza, kichwa changu kilikuwa kimeelewa, ila kila asubuhi nilipomwinua pajani mdomo wangu ulisema "Nyangi" wenyewe. Dorah alikuwa akisikia. Kwake ndani, usiku, nilijua anamwita jina jingine.

Baada ya wiki mbili tulirudi Musoma. Gati alichungulia la kulia, akatabasamu: kavu, tundu limebaki dogo kama tobo la sindano. La kushoto likahitaji wiki mbili nyingine za matone.

"Sasa tuone anasikiaje," akasema. Akamkalisha mtoto kwenye mkeka sakafuni, akampa vikombe vya plastiki avipange. Yeye akakaa mbele yake, kumshughulisha macho. "Mtu mmoja asimame nyuma yake, mbali kidogo, asionekane. Asipige makofi, asipige kelele. Amwite tu jina lake, sauti ya kawaida."

Dorah akaniangalia miguuni. Mimi ndiye mkubwa, nafasi ilikuwa yangu, na asingeisogelea hata kama ingemuua. Nikaenda nikasimama ukutani, nyuma ya mtoto. Niliona kisogo chake, nywele alizosukwa na mama yake mistari minne, na ndewe zile mbili ndogo nilizozijua kuliko ninavyojua viganja vyangu.

Nikafungua kinywa kusema Nyangi.

Ndipo nikafikiri, na nilifikiri kama bwana shamba, hatua kwa hatua. Jina hili nilimpa lini? Jumapili. Masikio yalipasuka lini? Jumapili hiyo hiyo. Kabla ya hapo, kwa miezi kumi na moja, masikio yakiwa mazima, alikuwa anaitwa nani, na aliyekuwa akimwita ni nani? Nikimwita Nyangi asigeuke, sitajua kama ni sikio au ni jina. Mtoto huyu tangu azaliwe hajawahi kumsikia mtu akimwita Nyangi. Hata mara moja. Mimi nilikuwa namwita mke wangu, na mke wangu amezikwa nyuma ya nyumba, chini ya saruji niliyoichanganya mwenyewe.

Gati alisubiri. Jina lile nililolinunia wiki mbili sikuwa nimewahi kulitamka, na ulimi haukujua pa kuanzia.

"Brenda," nikasema.

Kikombe kilibaki hewani. Kichwa kikainuka, kikatulia kidogo, kama mtu aliyedhani kasikia mlango ukibishwa. Sikurudia. Nilishika ukuta. Kisha akageuka, bega la kulia kwanza, akazunguka mwili mzima pale mkekani. Macho yake yakanipata, yakanipita. Hakuwa akinitafuta mimi. Anayemwita jina hilo duniani ni mtu mmoja tu, na macho yake yalimtafuta huyo chumba kizima, huku mdomo umeanza kufunguka.

Dorah alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono mdomoni, hathubutu kusogea kwa sababu mimi ndiye niliyesimama mbele.

"Nenda," nikamwambia. "Nenda, mama Brenda. Mwanao anakutafuta."